Shemasi Aliyezima Jiko Ijumaa

Kila Ijumaa, jua likianza kuinamia upande wa ziwa, Shemasi alizima jiko. La makaa alilimwagia maji, la mafuta ya taa akalitoa pumzi, kisha kibiriti akakipandisha juu ya kabati, nyuma ya Biblia kubwa, mahali ambapo hata yeye na urefu wake alihitaji kigoda ili akifikie. Kuanzia hapo hadi jua la Jumamosi lizame, hakuna kilichochemka katika nyumba ile. Chakula cha Sabato kilikuwa kimepikwa mapema na kufunikwa sahani. Majirani wa Rodi Kopany walisema hawahitaji saa. Wakiona mvuke umetoka mlangoni kwa Shemasi walijua wiki imekwisha.

Naanza na jiko kwa sababu kila nikimkumbuka ndilo linalonijia kwanza, na hasira hunijia nalo. Nimekuwa mtu mzima sana sasa, lakini hasira ile haijazeeka. Sehemu yake ni juu yake. Sehemu kubwa ni juu yangu.

Mama huyo alikozaliwa sijui. Ukoo wake niliusikia ukitajwa mara moja matangani nikausahau kabla ya kufika nyumbani. Nilichojua ni kwamba alitoka Migori, ambako alikuwa na binti aliyeolewa, na kwamba alikuja Rodi akifuata soko. Mimi nilikuja kufundisha darasa la pili, miaka ile ya kwanza ya Uhuru, mwanamke Mkuria wa upande wa Isebania nisiyejua Kiluo zaidi ya salamu. Kwa hiyo mimi na yeye tuliongea Kiswahili, chake cha sokoni, changu cha ubaoni, na changu alikicheka.

"Japuonj," aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, yaani mwalimu, "hiyo Kiswahili yako imepigwa pasi mpaka inaniteleza."

Kanisani alikuwa shemasi, na cheo kile kilimvaa kuliko yeye alivyokivaa. Yeye ndiye aliyefua vitambaa vya Meza ya Bwana, yeye ndiye aliyeoka mkate usiotiwa chachu, yeye ndiye aliyeyahesabu mabeseni ya kutawadhana miguu na kuyasugua kwa majivu hadi yang'ae. Watoto wakipiga kelele wakati wa mahubiri hakusema neno. Alisimama tu pembeni ya benchi lao, mrefu, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, wakanyamaza kabla hajawageukia. Mimi nilikuwa na fimbo shuleni na sikupata utulivu wa namna ile hata siku moja.

Siku sita zilizobaki aliuza sukari nguru.

Hapo ndipo watu wengi waliposhindwa kumwelewa, na mimi pia. Nguru ilitoka upande wa Migori kwenye mashamba ya miwa, vipande vya kahawia vizito kama mawe ya mafiga, na yeye alivikata kwa panga fupi juu ya gogo, sokoni, mbele ya kila mtu. Kina mama walinunua kipande cha uji. Lakini wateja wa magunia hawakuwa wapika uji, na Rodi nzima ilijua. Walikuwa wapika chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Siku moja mzee wa kanisa, mtu mpole, alimfuata gengeni kwake akazungukazunguka kwanza, akauliza habari za mvua, kisha akasema:

"Shemasi, hii nguru inaenda wapi?"

"Inaenda na mwenye amenunua."

"Na yeye anaipeleka wapi?"

"Mzee, mimi nauza sukari. Kama mtu atafika kwake apike uji ama apike shetani, mimi siko. Jiko ni yao."

Mzee akaenda zake. Neno hilo, jiko ni yao, likawa jibu lake la kila jambo asilotaka kulijadili, na sisi tuliomzoea tukaliiga tukimtania. Yeye alicheka. Hakuacha kuuza.

Na yeye mwenyewe nguru hakuionja. Nilidhani ni adabu ya biashara, mpaka asubuhi moja nilipopita kwake kuchukua ufunguo wa kanisa nikamkuta amekaa kitandani, gauni limepandishwa pajani, sindano ya kioo mkononi. Hakushtuka. Alimaliza, akachomoa, akapakanda mahali pale kwa kidole.

"Ingia ama toka," alisema. "Usisimame mlangoni kama askari."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ana ugonjwa wa sukari. Alikuwa nao kwa miaka. Chupa ya insulini aliitunza ndani ya kikombe, kikombe ndani ya mtungi mdogo wa udongo uliozungushiwa mchanga wenye maji, kwa sababu joto la kwetu huiua dawa ile. Sindano na bomba lake aliviweka katika sufuria ndogo isiyotumika kwa kitu kingine, na kila asubuhi aliichemsha juu ya jiko la mafuta ya taa kabla ya kujidunga. Aliifanya kazi hiyo kwa usafi uleule wa vitambaa vya Meza. Nikamwona hodari. Nilimwambia hivyo.

"Sio hodari," alisema. "Nimezoea. Hata punda anazoea."

Ilinichukua karibu mwaka kugundua kasoro, nayo ilikuwa mbele ya macho yangu wiki baada ya wiki. Jumamosi Shemasi alikuwa na kiu. Alikunywa maji kabla ya Shule ya Sabato, akanywa baada yake, na katikati ya mahubiri, yeye aliyewanyamazisha watoto, alitoka nje mara mbili kwenda chooni. Jumapili macho yake yalikuwa mazito na mdomo umekauka. Kufikia Jumanne alikuwa mtu tena. Nikamuuliza.

"Sindano inachemshwa na moto," alisema. "Sabato hakuna moto. Basi hakuna sindano. Dawa nayo ipumzike siku moja, kwani nini?"

Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania.

Nikaenda kwa dresa, yule tabibu wa zahanati. Nasema nikaenda kana kwamba nilikuwa shujaa. Nilimburuta Shemasi kwa maneno wiki mbili ndipo akakubali tufuatane. Dresa alikuwa Mkatoliki wa Homa Bay, mnene, mwenye subira fupi na moyo mkubwa. Alikuwa na dawa ya rangi ya buluu aliyoichemsha na mkojo katika kichupa kirefu. Ikibaki buluu au kijani alitabasamu, ikigeuka rangi ya tofali alivuta pumzi. Kwa kuwa ndiye aliyempa dawa, alikwisha kuona kwamba mkojo wa Shemasi wa Alhamisi na ule wa Jumapili ni kama wa watu wawili, ila hakujua kwa nini. Alipoambiwa, aliweka kichupa chini taratibu sana.

"Mama, birika yako ya chai, umewahi angalia ndani?"

"Iko na ukoko."

"Ukoko ilitoka wapi?"

"Maji ya hapa ni ya chumvi. Kila mtu anajua."

"Na uliona ikiingia?"

"Nitaionaje? Inaingia kidogo kidogo."

"Basi damu ya sukari inafanyia mishipa namna hiyo. Inashika ndani, mshipa unakuwa ngumu, unakuwa nyembamba. Mishipa ya macho, ya miguu, mpaka ya kichwa. Ile ya kichwa ikiziba, upande moja ya mwili inalala. Hiyo ndiyo kiharusi. Insulini ndiyo inatoa sukari kwa damu. Siku hujadunga, sukari inabaki huko ndani ikifanya kazi yake."

"Inafanya kazi Sabato?"

"Sukari si Msabato, mama."

Mimi nilicheka. Shemasi hakucheka. Dresa alitoa kabatini chupa ndogo ya spiriti, akamweleza achemshe sindano Ijumaa kabla jua halijazama, aiweke humo, Jumamosi ajidunge bila kuwasha chochote. Ilikuwa njia nzuri, na nikaona jambo limekwisha. Shemasi alifungua kizibo, akanusa, akakirudisha.

"Hii ni chang'aa ya hospitali," alisema. "Haiwezi kulala kwangu."

Tulipokuwa njiani nilishindwa kujizuia. Nilimwambia kwamba wapika chang'aa wa nchi nzima hii wangelala njaa kama si yeye, na leo chupa ya spiriti ndiyo inamtia haramu? Alisimama katikati ya barabara, akanitazama, akaendelea kutembea. Hakusema nami kwa wiki mbili. Wiki ya tatu aliniletea mayai sita katika kitambaa, akakaa, akazungumza akiangalia ukuta.

"Unafikiri sijui nguru yangu inaenda wapi? Najua. Mungu pia anajua. Siku sita amenifumbia macho, nimelea watoto. Sasa mimi nishindwe kumpa hiyo moja?"

Mzee wa kanisa alijaribu naye, akamkumbusha kwamba hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato hutolewa. Shemasi alimjibu kwamba yeye si ng'ombe. Mchungaji wa wilaya alipopita alimwambia waziwazi kwamba dawa ya mgonjwa si kazi, ni rehema. Alimshukuru, akampa chai ya moto ya Alhamisi, na Ijumaa ile akamwagia jiko maji.

Dresa hakukata tamaa, alibadilisha mlango. Aliniita mimi. Alijua kwamba kila baada ya miezi mitatu, kabla ya Meza ya Bwana, Wasabato hutawadhana miguu, wanawake upande wao na wanaume upande wao, wawili wawili, kila mmoja akipiga magoti kumwosha mwenzake. Alijua pia kwamba Shemasi hakuwahi kuoshwa na mwingine isipokuwa mimi. Hakutaka wanawake wa pale waone miguu yake, maana wangeisimulia hadi Lambwe.

"Wewe unashika hiyo miguu," dresa aliniambia. Akavua kiatu chake mwenyewe, akaniwekea vidole viwili juu ya mgongo wa wayo, kisha nyuma ya kifundo cha ndani. "Hapa na hapa. Unasikia inagonga? Mishipa ya mguu na ya kichwa ni ndugu. Ya mguu ikinyamaza, ujue ya kichwa inafikiria. Niambie unachosikia."

Tangu siku ile sikuwahi kutawadha mtu kwa moyo safi. Wengine walipiga magoti wakiomba. Mimi nilipiga magoti nikitafuta. Miguu ya Shemasi ilikuwa mirefu na baridi hata katika maji ya vuguvugu, ngozi ya muundini inang'aa, haina kinyweleo kimoja. Mara ya kwanza niliusikia mshipa pote pawili, mnyonge lakini upo. Mara ya pili, mguu wa kulia ulinichelewesha. Niliminya, nikalegeza, nikahamisha vidole, maji yakaanza kupoa, na wanawake wa jirani walikwisha kufutana na kukumbatiana.

"Unatafuta nini hapo, japuonj?" alininong'oneza kutoka juu.

"Natafuta mshipa."

"Mungu ameuficha?"

"Sukari imeuficha."

Aliweka mkono kichwani pangu, kama desturi yetu inavyotaka mwishoni. "Osha tu," alisema. "Kuosha ndiyo kazi yako." Nilimpelekea dresa habari, naye akaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Shemasi aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia, na humo ikakaa.

Sasa nifike kwenye nguru, maana nguru ndiyo iliyotudanganya sote wawili.

Insulini nayo ina hatari yake. Ukijidunga halafu usile, sukari hushuka mno, na mwili huanza kulia. Siku za soko lililofurika Shemasi alisahau kula, na mara mbili nilimkuta akitetemeka, jasho limelowesha kitambaa cha kichwa, akimfokea mteja kwa jambo lisilokuwapo. Dresa alikwisha kutufundisha la kufanya. Nilikata kipande cha nguru kutoka kwenye gogo lake mwenyewe, nikamtia mdomoni, na kabla sijahesabu watu kumi waliopita alikuwa amerudi. Alitazama huku na huku kwa haya, akasema, "Leo nimekula mali ya duka." Tulicheka sana. Nikaanza kutembea na kipande cha nguru ndani ya mkoba wangu, kimefungwa katika karatasi ya daftari, na nilijiona daktari.

Kisha ikaja siku ya panga. Ilikuwa siku ya kazi, mchana, nimetoka shule kununua chumvi. Shemasi alikuwa akikata nguru. Panga likamtoka mkononi, likaanguka upande wa mguu wake, asiangalie hata lilipoangukia. Nilimwita. Aligeuka, na nusu ya uso wake haikugeuka naye. Pembe ya kulia ya mdomo ilikuwa imeteremka. Alisema kitu, nami sikuelewa, nikadhani ni Kiluo, lakini mwanamke wa samaki aliyekaa karibu naye hakuelewa pia.

Nikatoa nguru mkobani nikampa. Alitafuna kwa upande mmoja. Nilikaa nimemshika bega, nikimwambia atafune, atafune. Baada ya muda, labda robo saa, mdomo ulipanda mahali pake. Vidole vikafunguka na kufunga. Akasema wazi kabisa, "Nani ameangusha panga yangu?"

"Sukari ilishuka," nilimwambia.

"Ilishuka," akakubali haraka. "Nguru imenirudisha. Umeona."

Niliona, ndiyo. Niliona pia sahani kando ya gogo, mifupa ya samaki na tonge la mwisho la ugali. Alikuwa ametoka kula. Niliona kwamba safari hii hapakuwa na jasho wala kutetemeka, ngozi yake ilikuwa kavu kama karatasi. Yote hayo niliyaona na sikuyafikiria, kwa sababu nilikuwa na dawa mkononi na dawa ilikuwa imefanya kazi. Au nilitaka iwe imefanya.

"Usiambie dresa," alisema. "Atanipeleka Homa Bay, wataniweka kitandani, na Meza ya Bwana iko wiki tatu tu. Nani atasugua mabeseni?"

"Mama, mimi naogopa."

"Ogopa, lakini nyamaza. Niahidi."

Nikaahidi. Sijui hata leo kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa mkubwa kwangu, na kwetu mkubwa akikuomba siri hakuachii njia ya kutokea. Labda nilichoka kugombana naye. Wiki ile nilikutana na dresa mara mbili barabarani, akaniuliza habari za mama yetu, nikamwambia mzima.

Jumamosi ya Meza ilifika. Jiko lilikuwa limezimwa jana yake, na maji ya kutawadhia aliyaanika juani tangu asubuhi ili yapate joto bila moto, kama alivyofanya siku zote. Alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alinywa maji mengi. Wanawake tukaingia katika chumba cha pembeni, tukapanga viti, yeye akapita na jagi akijaza mabeseni moja moja. Alipofika kwangu nilikuwa nimekwisha kupiga magoti. Jagi likaanguka. Maji yakanimwagikia kifuani, na Shemasi akafuata, akianguka kwa upande wa kulia, hakunyoosha hata mkono kujikinga.

Walipiga kelele. Mimi sikupiga. Mimi nilikuwa nabii wa nguru.

"Tulieni!" niliwaambia. "Ni sukari imeshuka. Naijua hii."

Nikamtia nguru mdomoni. Haikutafunwa. Nikaisaga kwa meno yangu, nikamtia tena, ikamiminika pembeni ya mdomo ule uliolala, na nyingine ikaenda pasipofaa, akaanza kukoroma na kukabwa. Nikamgeuza, nikangoja. Wanawake waliimba kwa sauti ya chini. Mzee wa kanisa alikuja mlangoni akauliza kama aende kumwita dresa, nami, Mungu anisamehe, nilisema ngoja kidogo, anarudi sasa hivi. Tulingoja. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunguka na lilinitazama muda wote, na nilichokiona ndani yake hakikuwa usingizi. Alijua. Mwishowe mzee hakuniuliza tena, akaenda.

Dresa aliingia akihema, akatia kidole mdomoni mwake akatoa madonge ya nguru, akamlaza ubavu. Akaniangalia.

"Amejidunga leo?"

"Leo ni Sabato."

"Basi sukari ingeshushwa na nini, mwalimu?"

Aliuliza kwa upole. Angenipiga kofi ningemshukuru. Mtu ambaye hajajidunga insulini, sukari yake hupanda; mtoto wa darasa langu la pili angelijua hilo kama angefundishwa, na mimi nilikuwa nimefundishwa. Nikamweleza siku ya panga, palepale, maji yananitiririka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hii ya leo," alisema, "hata ningefika na mbio, sina kitu ndani ya mkoba ya kufungua mshipa wa kichwa. Sijui mwenye anayo. Lakini ile ya panga ilikuwa hodi. Mshipa ulipiga hodi ukaondoka. Ile ndiyo ungeniambia."

Lori la mwenye duka ndilo lililompeleka hospitali kubwa. Hakufa. Alipotoka alikuwa hana nguvu ya mkono wa kulia wala ya mguu wa kulia, na maneno yake yalikuwa yamemwagika. Binti yake alikuja akamchukua hadi Migori. Gogo la nguru likabaki sokoni, likakaliwa na wengine, na mabeseni yakapata msugua mwingine asiyeyang'arisha.

Sikwenda kumwona. Nilisema shule ina kazi, nilisema mvua imeharibu barabara, nilisema mengi. Ukweli ni kwamba niliogopa jicho lile. Ilipita zaidi ya mwaka ndipo dresa aliponisimamisha akaniambia amepata habari: yule binti amejifunza kumdunga mama yake kila asubuhi, vizuri kabisa, siku sita kwa wiki.

"Sita?" nikauliza.

"Jumamosi anakataa. Nusu ya mwili imekufa na bado anakataa. Akipigwa mara ya pili hatatoka. Nenda, mwalimu. Wewe ndiye utaenda."

Nikapanda basi Ijumaa, nikalala kwa binti yake, nyumba safi nyuma ya soko la Migori. Asubuhi nilimkuta Shemasi amekaa kwenye kiti chenye mikono, kitambaa cheupe kichwani, mkono wa kulia mapajani kama wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Binti yake alikuwa amenionya: anaelewa kila kitu, lakini amebakiwa na maneno machache ya Kiluo, na Kiswahili hajakisema tangu aanguke.

"Kila Jumamosi ni vita," binti alisema. "Nikigusa jiko, anapiga kiti na ule mkono mzima mpaka niache. Nilileta spiriti, akageuza uso. Nifanye nini, mwalimu? Ni mama yangu, siwezi kumfunga kamba."

Nikamwomba beseni na maji yaliyoanikwa juani.

Nilipiga magoti. Nilikuwa na hotuba niliyoitunga ndani ya basi, yote ikanikimbia. Nikavua viatu vyake, nikaosha mguu wa kushoto, nikaosha wa kulia uliokuwa mzito kama gunia, na nikamwambia kwa Kiswahili changu cha pasi kwamba nilinyamaza siku ya panga nisipopaswa kunyamaza, kwamba Jumamosi ile nilimzuia mzee wa kanisa asiende kuita msaada, kwamba ahadi niliyompa ilikuwa mbaya na sitampa nyingine. Nilimwambia namkasirikia. Nilimwambia pia kwamba sina mwingine wa kumtawadha, tangu aondoke nimekuwa nikibaki nimekaa. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe juu ya mgongo wa wayo. Mguu wa kulia, kimya. Wa kushoto nilisubiri sana, na mwisho nikausikia, mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani.

"Upo," nilimwambia. "Huu mmoja bado upo. Mama, nataka kuwasha jiko."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ndogo ya sindano. Hakuthubutu kuingia. Kibiriti kilikuwa mezani, upande wa mkono mzima wa Shemasi; nadhani alikiweka hapo kila Ijumaa ili akilinde. Mkono ule uliinuka, nami nikajikaza kusikia kiti kikipigwa.

Aliushusha juu ya kibiriti. Akakishika muda mrefu, akinitazama kwa jicho lile nililoliogopa mwaka mzima, na halikuwa na hukumu niliyoitegemea. Kisha akakisukuma juu ya meza, kidogo, tena kidogo, mpaka kikafika ukingoni upande wangu. Mdomo wake ulihangaika, nusu ukifanya kazi ya mdomo mzima.

"Jiko," alisema. Akapumzika. "Ni... yako."

Na ile nusu ya uso iliyobaki ikacheka.

Nikawasha.